Jembe Usiliguse

Mwili wa Martina Mughwai na sauti yake vilikuwa havilingani hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, muuza uji wa uwele pale sokoni Singida, na ukimkuta ameinamia sufuria yake ungedhani hata kumwita mteja ni kazi kwake. Lakini siku ya mpira alisimama nyuma ya goli, kanga imekazwa kiunoni, akafumbua kinywa, na watu waliokuwa kando ya ziwa Kindai wakajua mechi imeanza bila kuuliza mtu.

Miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru timu zilikuwa mbili, na mji mzima uligawanyika kati yake. Kindai ilikuwa timu ya watu wa sokoni, wapakiaji mizigo na madereva wa malori. Wakulima ilikuwa timu ya watu wa ushirika, mabwana shamba na makarani wa ghala, watu wa suruali zilizopigwa pasi. Hawa Wakulima walikuwa na majivuno yao. Kabla ya mpira kuanza, nahodha wao aliingia uwanjani na jembe jipya begani, akazunguka nalo kiwanja kizima, kisha akalisimika nyuma ya goli lao. Wakishinda walilibeba wakaenda nalo mtaani wakipiga kelele. Wakifungwa waliliacha pale pale, wakatafuta mtu wa kulifuata baadaye wakati watu wameshatawanyika.

Martina aliliangalia jembe hilo msimu mmoja tu, akalitungia wimbo. Yeye anatoa, wenzake wanaitikia:

Jembe hilo, jembe gani? Usiliguse.
Mpini umeliwa na mchwa. Usiliguse.
Ukilishika utalia. Usiliguse.

Basi. Huo ndio wimbo wote, na mtu akiusoma hivi anaweza kujiuliza una utamu gani. Utamu wake ulikuwa kwa anayeuimba. Nimewaona makarani wa ushirika, watu wazima wenye familia, wakiziba masikio na kutazama pembeni kama wanaoaibishwa mbele ya wakwe.

Golini mwa Kindai alisimama Filipo, mdogo wake Martina. Mama yao alifariki Filipo akiwa bado ananyonya, na Martina, msichana mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamlea mpaka akaota ndevu. Hakuwahi kumpiga. Alikuwa na sheria moja tu ambayo hakuilegeza: mkila sahani moja, mwenzako achague kwanza. Filipo akinyoosha mkono kwenye mnofu kabla ya mwenzake, Martina alimkamata kifundo cha mkono, hasemi neno, akamshikilia mpaka mwenzake amechukua. Ilimwingia. Alipokuwa mkubwa aliweza kusimama mlangoni na mgeni wakibishana nani atangulie kuingia, mpaka chakula kikapoa ndani.

Wimbo ule haukubaki uwanjani. Wanawake wa Issuna na vijiji vya huko walioleta kuku na karanga sokoni waliusikia, wakarudi nao kwao. Kwetu wakati wa kupura uwele wanawake hukusanyika ugani na fimbo zao, na fimbo haziendi bila wimbo. Neno "usiliguse" liliangukia pale pale fimbo inapoangukia. Ulikuwa kama umetungwa kwa ajili ya uwele. Msimu ule ukaimbwa nyumba hadi nyumba, msimu uliofuata watoto wakauimba kwa kujifunzia kutembea.

Kule Issuna alikuwepo bibi mmoja, Bibi Hana, ambaye hakuwahi kuona mpira ukichezwa. Aliposimuliwa kwamba wanaume wazima wanafukuza ngozi moja mpaka jasho linawatoka, aliwahurumia mama zao. Lakini alikuwa Kindai damu. Ukimuuliza Kindai ni nini, alikujibu ni watu wa Martina, wasiogusa jembe la wale wengine.

Filipo alipoacha kudaka mpira akadaka siasa. Alianza kuwa katibu wa tawi la TANU, akawa diwani, na kila alikopita watu walimpenda, maana alikuwa kiongozi anayesikiliza mpaka umalize, hata kama unayosema hayana kichwa wala miguu. Mwaka 1965 ukaja uchaguzi wa wabunge. Chama kilikuwa kimoja, ila kila jimbo lilipewa wagombea wawili ili wananchi wachague. Kwao yakarudi majina haya: Filipo Mughwai, na bwana Chrispin wa ushirika, mlezi wa Wakulima.

Mji ulichemka. Martina aligawa uji wa bure asubuhi nzima. Kumwona mtoto aliyembeba mgongoni akiingia Bungeni lilikuwa jambo alilolitaka kuliko kitu chochote duniani, na aliona kazi imekwisha. Nani angemchagua Chrispin, na vijiji vyote vinaimba vile?

Sasa, kwa wale wasiojua kusoma, kila mgombea alipewa alama ya picha kwenye karatasi ya kura. Alama zilikuwa mbili, nchi nzima: jembe na nyumba. Zilitoka juu huko, wala mgombea hakuulizwa anataka ipi.

Filipo alikuja sokoni mchana, akachuchumaa karibu na moto wa dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Alama zimetoka."

"Umepata nini?"

Filipo alichukua kijiti akachokoa majivu. "Chrispin kapewa nyumba."

Martina alielewa, lakini alikataa kuelewa. "Na wewe?"

"Dada, umeshasikia."

Mwiko ulimponyoka ukazama kwenye uji. Hakuutoa. Aliketi chini pale pale vumbini, mikono mapajani, akamtazama mdogo wake kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehamia mtaa mwingine. Mteja aliyekuja na kikombe alisimama, akaona hapana wa kumsikiliza, akaondoka.

Kampeni zikaanza. Utaratibu ulikuwa wagombea watembee pamoja, gari moja, mkutano mmoja, na mtu wa chama katikati yao wa kuangalia kwamba hakuna anayemtukana mwenzake. Walizunguka hivyo wiki nyingi, Filipo na Chrispin, wakilala nyumba moja na kula sahani moja. Kila kijiji Filipo alisimama akaeleza kwa upole kwamba alama yake ni jembe, na kila kijiji watu walimpigia makofi kwa heshima, wakarudi ugani kuimba kwamba lisiguswe.

Martina naye hakukaa. Alifunga biashara, akatunga wimbo mpya, "Jembe letu, lishike", akaenda nao kijiji hadi kijiji kwa miguu. Wanawake waliusikiliza mpaka mwisho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walijua Martina akilitaja jembe anatania. Alipowaambia hatanii walicheka zaidi, wakamsifu kwamba safari hii kazidi. Alirudi mjini sauti imekauka, na kwa mara ya kwanza maishani aliiogopa kazi ya kinywa chake mwenyewe.

Siku ya kura ikafika. Watu walijipanga nje ya shule tangu kunapambazuka. Martina alipewa karatasi, akaingia nyuma ya shuka lililotundikwa pembeni mwa darasa. Palikuwa na meza, penseli iliyofungwa kwa uzi, na yeye. Karatasi ilikuwa na picha mbili. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukaa peke yake na jembe hilo kwa ukimya namna hiyo. Kichwani mwake ule wimbo ukaanza wenyewe, hakuna aliyeuita. Jembe hilo, jembe gani. Mkono ukashuka. Akakunja karatasi vizuri kama alivyofundishwa, akatoka, akaitumbukiza kwenye sanduku.

Karatasi ilipogusa chini ya sanduku ndipo alipojua ameweka alama wapi. Aliweka kwenye nyumba.

Alisimama pale mkono ukiwa bado juu ya sanduku. Msimamizi alimwambia, "Mama, pisha wenzako," akamwambia tena, mpaka mtu akamshika bega akamtoa nje. Alitaka kurudi aombe karatasi yake. Alitaka kupiga kelele. Sauti ile iliyokuwa inavuka ziwa haikutoka hata ya kuomba maji.

Na hapo nje ndipo lilipofika lori kutoka Issuna, limejaa wanawake, Bibi Hana mbele kabisa. Walikuwa wameshapiga kura kule kwao, sasa wamekuja mjini kumpongeza Martina. Walishuka wakiimba. Martina aliinama akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi Hana, macho yanang'aa. "Tulia moyo. Filipo tumempa wote. Nilisimama pale mlangoni nikamkumbusha kila mmoja kabla hajaingia."

"Ulimkumbusha nini, bibi?"

"Ulichotufundisha. Jembe hakuligusa hata mmoja wetu."

Martina alimshika mkono bibi yule akautia kifuani, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumwambia.

Filipo alishindwa. Kura alizopungukiwa zilikuwa chache kiasi kwamba watu wake wangetosha kwenye lori moja. Ndivyo walivyosema mjini, bila kujua wanamchoma nani. Kesho yake asubuhi Martina alikuta jembe jipya limesimikwa karibu na mafiga yake, na watu wa Wakulima wamesimama nusu duara wanamwimbia ule wimbo wake wa pili, "Jembe letu, lishike". Ni utani wa mpira, na katika utani wa mpira mtu hakasiriki. Alichemsha uji wake. Akawagawia na wao. Lakini usiku hakupata usingizi, na jembe alilichukua akaliweka uvunguni.

Baada ya Azimio la Arusha, Filipo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamia kijiji cha ujamaa upande wa Issuna. Martina alimfuata, na jembe lile la Wakulima ndilo alilolimia. Hapo ndipo alipoanza kazi ambayo hakumweleza mtu sababu yake. Alikuwa anaufuta wimbo wake. Katika shamba la kijiji walilima wengi kwa pamoja na kupura kwa pamoja, uga mmoja mkubwa, na kila msimu Martina aliimba "lishike" mpaka watu wakaacha kucheka. Alimkatiza mtoto yeyote aliyesikika na wimbo wa zamani. Zama zenyewe zilimsaidia, maana jembe lilikuwa linasifiwa kila mkutano. Miaka mitatu ilipoisha, vijiji vile vilikuwa vinalipenda jembe kwa moyo wote. Bibi Hana mwenyewe, macho yameshafifia, alikuwa analiimba akiwa kitandani.

Mwaka 1970 uchaguzi ukarudi. Majina yakawa yale yale: Chrispin aliyekuwa mbunge, na Filipo. Martina alilala usingizi mzuri. Alikuwa tayari.

Alama zikatoka. Chrispin alipewa jembe.

Safari hii Martina hakuketi chini. Alikuwa ameketi tayari, wanakula jioni, yeye na Filipo, ugali na mlenda na kipande cha kuku sahani moja. Filipo alimwambia habari hiyo taratibu, kisha akangoja dada yake achague mnofu. Martina aliisukuma sahani.

"Filipo. Nina neno limekaa tumboni miaka mitano."

"Sema, dada."

"Mwaka ule mimi mwenyewe niliweka alama kwenye nyumba. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikulea kwa mikono hii, na ndiyo iliyokuangusha."

Jirani alikuwa anatwanga, wakamsikia mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo tulikuwa wawili," akasema.

"Wawili gani?"

"Mimi na wewe."

Martina alimtazama asielewe.

"Nilikula na Chrispin sahani moja wiki zote zile," akasema Filipo. "Nikaingia mle nyuma ya shuka, nikaona tumewekwa wawili kwenye karatasi moja, mwenzangu na mimi, nami ndiye ninayechagua. Nijichague mwenyewe, naye yupo? Mkono ulikataa, dada. Nilihisi kabisa umenishika hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Nikampa Chrispin."

Martina alikitazama kifundo hicho. Alifikiri alikuwa anajua alichokifanya, kumbe alikuwa anajua nusu tu. Wimbo ulikuwa wake, na mkono ule ulikuwa wake pia.

"Na yeye?" aliuliza. "Chrispin alikupa wewe?"

"Alijipa mwenyewe. Aliniambia tulipotoka. Akasema, mimi nimejipigia, na wewe bila shaka umejipigia. Nikasema ndiyo."

"Safari hii utajipigia."

"Nitajaribu, dada."

"Usijaribu. Jipigie."

Martina hakutunga wimbo wa tatu. Aliingia kila nyumba ya kijiji, na vijiji vya jirani, akapiga kofi kwenye ukuta wa tembe. "Filipo ndiye huyu," akasema, "huyu hapa unayemwegemea," akaondoka kwenda nyumba nyingine. Watu walishangaa kumwona haimbi, wakajua jambo ni zito. Kwa Bibi Hana alikaa nusu siku, akiuchukua mkono wa yule mzee na kuuweka ukutani, tena na tena.

Siku ya kura aliingia nyuma ya shuka, akaikamata penseli kama mtu anayekamata kuku, akaweka alama kwenye nyumba na kuitazama vizuri kabla ya kukunja. Kisha akatoka, akasimama kando ya mlango kumsubiri mdogo wake. Filipo aliingia. Alikawia. Alipotoka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Filipo."

Akainama kufuta vumbi kwenye kiatu.

"Filipo, nitazame."

"Asubuhi Chrispin alinipitia na gari," akasema kwa sauti ndogo. "Akaniachia kiti cha mbele, dada. Yeye akakaa nyuma."

Martina alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuweza kumkaripia, hakuweza hata kulia. Mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto, amesimama mbele yake kama zamani alipokuwa anasubiri ruhusa ya kuchukua mnofu.

Filipo alishinda. Alishinda kwa kura nyingi, maana watu wengine wote hawakuwa na adabu kama yake, na kuta za tembe zilikuwa zimepigwa makofi ya kutosha. Uwanja ukajaa. Walimbeba juu. Watu wa Kindai walitoka mjini na ngoma, wakamzunguka Martina wakimwomba aanze wimbo wa zamani, kwa kuwa jembe sasa lilikuwa limerudi kwa wenyewe. Alifumbua kinywa na sauti haikutoka. Wakadhani ni furaha.

Haikuwa furaha. Alikuwa anafikiri kitu ambacho miaka yote hakukifikiri, kwa jinsi alivyokuwa anaitaka siku hiyo. Issuna hapakuwa na kisima cha maji safi. Barabara ilikuwa inakatika kila masika. Dar es Salaam wangekutana wabunge wa nchi nzima, sahani moja, kila mmoja na watu wake nyuma yake wenye shida kama hizo. Na Singida ilikuwa imempeleka huko mtu ambaye mkono wake haunyooki mpaka wenzake wamechukua.

Siku ya safari alimsindikiza stendi, akambebea kapu la kuku wa kukaanga na viazi. Watu walikuwa wengi. Alimvuta pembeni, akakishika kifundo cha mkono wake kwa mara ya mwisho.

"Kule ukifika, chukua kwanza," akamwambia. "Unanisikia? Nilikukosea. Chukua kwanza, halafu ndiyo uwape wengine."

"Nimesikia, dada."

Akaachiwa. Akaenda kwenye mlango wa basi, na pale pale akatokea mama mwenye mtoto, Filipo akampisha. Nyuma ya mama alikuwepo mzee, akampisha. Akaja mwanafunzi na sanduku lake, wafanyabiashara wawili wa karanga, padri, na bwana mmoja mnene ambaye hakusema hata asante. Filipo alisimama kando ya ngazi, kofia mkononi, akiwapisha mmoja mmoja, mpaka kondakta akachungulia nje na kumwambia mheshimiwa amsamehe, viti vimejaa.